Kipimo cha Mwanga

Kila asubuhi mchaguzi alivaa glavu, akakaa mbele ya taa ya buluu, akafungua sahani za plastiki ambamo chachu ilikuwa imeota madoa madoa. Wataalamu walikuwa wameitia chachu hiyo protini ya kunusa pombe. Doa likitoa pombe nyingi, ile ya kuendeshea magari, protini huwaka kijani. Kazi yake ilikuwa kudonoa yaliyong'aa kwa kijiti cha meno. Yaliyofifia yalichemshwa kwenye mtungi wa mvuke, yakamwagwa.

Jumanne moja wafanyakazi wenyewe walianza kung'aa. Shingo kwanza, kisha mikono. Msimamizi wa maabara alivua miwani, akaifuta, akaagiza taa za dari zizimwe, umeme usipotee bure. Alhamisi alipita meza kwa meza na kipimo, akiandika namba ya kila mtu.

"Mwenzangu, mbona unamulika kama kibatari penye upepo?" jirani wa meza alimtania mchaguzi, yeye mwenyewe akiwaka kama karabai.

"Nimenyonyesha kabla ya kuja."

"Basi kesho mpe uji."

Hakumpa. Mtoto alikuwa wa miezi mitano, na kila alfajiri aliponyonya, mwanga ulishuka toka mabegani mwa mama, ukapita kifuani, ukaingia kinywani mwake taratibu, hadi mama akabaki na kijani kidogo kwenye kucha.

Ijumaa ya pili majina ya waliofifia yalibandikwa mlangoni. Kazi yao ilikuwa imekwisha. Lake lilikuwa la tatu.

"Bosi, mwanga ninao," alimwambia msimamizi. "Uko nyumbani tu. Huu mwaka wa tatu niko hapa, na ile chachu mnayojivunia niliidonoa mimi, kwa mkono huu."

"Najua, mama. Lakini kipimo kinasoma kilichopo mezani."

"Basi njoo nacho nyumbani."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Jioni alikuja, akavua viatu, akaelekeza kipimo kitandani. Mtoto alikuwa amelala, akiangaza ukuta mzima, nepi zilizoanikwa kwenye kamba na madaftari ya mama yake ya masomo ya jioni. Mshale wa kipimo uligonga mwisho, ukakaa hapo hapo.

"Hongera. Sijapata kuona namba kama hii, hata kwenye chachu."

"Kwa hiyo Jumatatu nirudi?"

"Huyu si mfanyakazi wetu, mama." Alisema kwa upole, asije akamwamsha. "Ana umri gani?"

"Miezi mitano."

Aliandika mitano, akapiga mstari chini yake, akatafuta viatu vyake bila kuhitaji taa, akaaga.

Mtoto aliamka akilia. Mama alivuta pazia, akampakata, akampa titi la kulia. Lilipokwisha, akampa la kushoto.