Sanduku Tulilolikunja Kaburini

Bati la kwanza tulilikunja juu ya kaburi la babu. Hapakuwa na ukingo mwingine ulionyooka pale nyumbani. Nyumba ilikuwa imeegemea upande, sakafu ya baraza ilikuwa na mawimbi, lakini saruji ya kaburi, pale mbele ya mlango, ilimwagwa na fundi aliyejua kazi yake. Mama mdogo Tekura akaipigia jicho kutoka kichwani hadi miguuni, akavua kofia, akasema, “Papa, utuwie radhi. Hatukai sana.” Kisha akaulaza ubavu wa mashine ya kufulia juu ya kifua cha baba yake, akaanza kuugonga kwa nyundo ya mpira.

Mlio ulifika mpaka kanisani. Jirani yetu, Mama Ngavaine, akatoa kichwa dirishani.

“Tekura! Unamwamsha mzee?”

“Alilala vya kutosha alipokuwa hai. Acha aamke atushikie huku!”

Huku nilikuwa nimeshika mimi. Kila pigo lilinipanda mikononi, likapita mabegani, likanigonganisha meno, na nilikuwa na furaha ambayo sikuthubutu kuionyesha, maana bado hatukujua kama tunalolitengeneza ni sanduku la kompyuta au ni kichekesho cha kisiwa kizima.

Kimbunga kilikuwa kimepita Mangaia, kisiwa chetu kidogo cha bahari ya Pasifiki, majuma machache kabla ya hapo. Kilibeba paa la darasa letu kikalitua kwenye shamba la taro, magimbi ya kwetu, kisha kikaangusha boriti juu ya kompyuta pekee ya shule. Sanduku lake lilibonyea kama kopo lililokanyagwa na lori. Watu waliokuja kufagia walilitupa nje pamoja na vioo vya madirisha. Mimi nikaliokota. Nililipasua kwa patasi nikitarajia kukuta uji wa nyaya, na badala yake nikakuta bamba moja limejikunja likawa kama kibanda, na chini ya kibanda hicho ile bodi kubwa ya kijani, moyo wa mashine, imetulia bila hata mkwaruzo. Diski ilikuwa nzima. Kisanduku cha umeme kilikuwa kizima. Feni ndiyo iliyovunjika mapanga. Nilikaa kwenye matope nikalia. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na sijui nililia kwa nini hasa.

Au najua. Tulikuwa tumebaki wanafunzi sita katika darasa la juu, na habari ilikuwa imekuja kutoka Rarotonga, kisiwa kikuu, kwamba bibi mmoja wa elimu, jina lake Bibi Turepu, angepanda ndege kuja kutukagua. Mtihani wa mwaka ule ulihitaji kompyuta. Darasa lisilo na kompyuta lingefungwa, na sisi sita tungehamishiwa Rarotonga tukakae kwa ndugu. Kila mtu kisiwani alijua kinachofuata baada ya hapo, maana tulishakiona kwa wengine. Mtoto huenda kusoma. Mama humfuata ampikie. Baba humfuata mama. Mwisho siku moja mpwa huja na misumari, hupigilia mbao madirishani, na majani hupanda mpaka kwenye kitasa. Upande wetu wa kijiji kulikuwa na nyumba nyingi za namna hiyo kuliko zenye moshi.

Mama yangu mzazi alikuwa Auckland, huko New Zealand, tangu nikiwa sijajua kutembea vizuri. Aliyenilea ni Tekura, mdogo wake, mwanamke mwenye mikono ya mafuta aliyetengeneza pikipiki za kisiwa chote kwenye kibanda cha bati kando ya nyumba. Hakuolewa, hakuzaa, na aliyemuuliza habari hizo alirudishiwa pikipiki yake ikiwa na breki zilizokazwa kupita kiasi.

Nilipomwambia kwamba huenda nikaondoka, hakuinua kichwa.

“Nenda. Wewe jina lako lenyewe ni Tere, safari. Walijua walichokuwa wanafanya waliokupa. Nami nitalala bila mtu wa kukoroma.”

“Mimi sikoromi, mamdogo.”

“Unakoroma kama nguruwe.”

Lakini asubuhi ile aliikaza nati moja, akailegeza, akaikaza tena, akailegeza tena, mpaka mwenye pikipiki akauliza kwa upole kama kuna tatizo. Nikaona huo ndio wakati wa kusema. Nikamwekea ile bodi ya kijani juu ya meza yake ya kazi, kwenye kipande cha kanga safi.

“Hii ni nzima. Na vingine karibu vyote ni vizima. Kinachokosekana ni sanduku la kuvishika.”

“Sanduku tu?”

“Na feni.”

Akafuta mikono, taratibu, kidole kwa kidole. “Sanduku tu, na umeniacha siku zote hizi naandaa moyo wangu bure.” Ndilo jambo la karibu kabisa na neno la mapenzi ambalo nimewahi kulisikia kinywani mwake, na alilisema kwa hasira.

Jalala letu liko nyuma ya uwanja wa ndege. Tulikwenda na kigari cha kuvutwa na pikipiki, tukarudi nacho kimefurika. Mashine ya kufulia ilitupa mabati, meupe, mazito, yenye kutu pembeni tu. Kabati la chakula la marehemu fulani lilitupa wavu mwembamba wa kuzuia nzi. Pikipiki iliyouawa na mnazi ilitupa usukani wake, na kwenye usukani kulikuwa na kitufe cha honi, chekundu, kinachobonyea na kurudi. Nilikibonyeza mara nyingi njiani. Kompyuta huwashwa kwa kugusanisha nyaya mbili kwa kitambo kidogo tu, na honi hufanya vivyo hivyo.

“Kwa hiyo mtu akitaka kusoma, anapiga honi,” alisema Tekura.

“Ndiyo.”

“Hapo sasa shule imeanza kuniingia akilini.”

Tulikata kwa mkasi wa bati, tukakunja kaburini, tukatoboa kwa drili na kufunga kwa ribiti, vile vijipini vya kubana bati. Ugomvi tuligombana tangu mwanzo. Mimi nilitaka matundu mengi, maana chombo kile hupata joto kama mgonjwa wa homa. Yeye hakutaka hata tundu moja, kwa sababu ya mijusi. Alikuwa amefungua redio na mashine za kuchomelea za kutosha kujua kwamba mjusi wa nyumbani hupenda vuguvugu la umeme, hujibanza humo, na siku anapogusa asipopaswa kugusa, anakufa yeye na anaua mashine.

“Utaniambia wewe mijusi?”

“Utaniambia wewe kompyuta?”

Kwa kuwa nyundo ilikuwa yake, tulilifunga pande zote. Tukaweka bodi ndani, tukaikaza kwa skrubu kwenye bati, tukaunganisha waya wa ukutani. Nikabonyeza honi.

Kimya. Wala taa.

Nikabonyeza tena. Tekura akanitazama, nami nikatazama sanduku. Kisha nikakumbuka vile vijiguu vidogo vya shaba kwenye sanduku la zamani, vilivyoinua bodi isiguse chuma. Vilikuwa vimepondwa, nami nilivitupa nikidhani ni takataka. Mgongo wa bodi ulikuwa umejaa ncha za risasi ya kulehemu, na zote zilikuwa zimelalia bati. Ni kama kumwambia mtu aongee huku umemziba mdomo.

“Tunahitaji mpira,” nikasema. “Mzito, usiobonyea sana. Na kama imeungua tayari, basi tena.”

Tekura akatazama huku na huku kibandani. Mipira ya matairi ilikuwa na nyuzi za chuma ndani. Akatazama chini. Alikuwa amevaa ndala mpya, za buluu, alizoletewa kutoka Auckland na mama yangu, ambazo hakuwa ameruhusu hata tope lizizoee. Akazivua. Akaziweka juu ya meza, akachukua kisu, akakata soli vipande vidogo kama mtu anayekata muhogo wa kukaanga.

“Mamdogo!”

“Kata hiyo nyingine. Usinitolee macho.”

Tuliiinua bodi juu ya vipande vya buluu. Nikabonyeza honi. Ndani ya sanduku kitu kikavuta pumzi, taa ya kijani ikawaka, na kwenye kioo cha televisheni tulichokiazima kutoka kwa mwalimu mkuu, Papa Atingakau, maandishi meupe yakaanza kushuka. Tekura alipiga ukelele uliomtoa Mama Ngavaine nje na mwiko mkononi.

Furaha hiyo haikufika hata chakula cha mchana. Mashine ilizimika yenyewe. Niligusa bati, nikautoa mkono haraka. Safari hii sikuhitaji kubishana. Tekura aliliinamia sanduku, akasikiliza joto lake kama anavyosikiliza injini, akasema, “Haya. Inakosa hewa. Umeshinda nusu.”

“Kwa nini nusu?”

“Kwa sababu mijusi bado wapo.”

Tulikata dirisha chini ubavuni na jingine juu mgongoni, hewa baridi iingie huku na ya moto itokee kule, na juu ya madirisha yote mawili tukakaza ule wavu wa kabati la chakula. Feni tuliipata kwenye amplifaya ya kanisa iliyokufa zamani. Shemasi Tuara alisita. Alisema ni mali ya Bwana. Tekura akamjibu kwamba Bwana hajaimba kupitia chombo kile tangu Krismasi ya mwaka juzi na hajalalamika. Tukapewa. Mwishoni akalipaka sanduku rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka tangi la pikipiki ya polisi, na likakaa pale mezani, zito, limejaa ribiti, halifanani na kitu chochote duniani.

Bibi Turepu alishuka kwenye ndege asubuhi ya joto kali, akavishwa mataji ya maua mpaka masikio yakapotea. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyechoka. Nilimwonea huruma, kwa kuwa ilikuwa wazi amekuja kutuambia neno lisilomfurahisha. Papa Atingakau alikuwa ameliweka sanduku letu darasani na kulifunika kwa kitambaa cha meza. Nadhani alikusudia litazamwe kidogo iwezekanavyo. Tekura akapita katikati ya wazee, peku, amevaa gauni la kanisani, akakivuta kitambaa kile kwa mkono mmoja.

Bibi Turepu akatazama. Akavaa miwani, akatazama tena.

“Hiki ni nini, jamani? Jiko?”

Watu wakacheka, naye akacheka, na masikio yangu yakapata moto.

“Ni kompyuta,” nikasema. “Tafadhali piga honi.”

Alinitazama kuona kama ninamdhihaki. Kisha akanyoosha kidole chenye pete, akabonyeza. Feni ya kanisa ikaanza kuzunguka. Kioo kikawaka. Hakuna aliyecheka tena. Akaniambia niandike, nikaandika. Akaniambia nipige hesabu za jedwali, nikapiga. Akaniambia nifungue kazi zetu za mwaka, na zote zilikuwamo, za wanafunzi wote sita, kwenye diski iliyokuwa imelala chini ya boriti.

“Inaweza kukaa kwa muda gani hivi?” akauliza.

Hapo ningeweza kusema lolote. “Hatujui,” nikasema. “Hatujawahi kuiacha mchana kutwa.”

“Basi iacheni. Tukale.”

Sikumbuki vizuri mlo ule. Palikuwa na taro, samaki mbichi kwenye tui, majani ya taro yaliyopikwa kwenye tanuri la ardhini, na ile saladi ya viazi ya rangi ya waridi ambayo mama wote wa kijiji hushindana kuitengeneza. Shemasi Tuara aliomba sala ndefu kuliko zote za maisha yake. Jua lilikuwa limesimama juu ya turubai lililoshika nafasi ya paa la darasa, na mimi niliona tu lile joto likiingia, likijaa, likipanda. Wanafunzi wenzangu hawakugusa sahani. Tekura alikula za wote.

Tuliporudi, Bibi Turepu alitangulia. Alisimama mlangoni, nasi nyuma yake tukasimama, tukashindwa kuona kitu ila maua ya kichwani kwake. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani anakohoa.

Kioo kilikuwa kinawaka. Feni ilikuwa inazunguka. Na juu ya wavu wa mgongoni, panapotoka hewa ya vuguvugu, mjusi mnene alikuwa amejibandika, pua imegandamizwa kwenye tundu, anatafuta njia ya kuingia na haipati.

“Mwambieni darasa limejaa,” akasema Bibi Turepu, huku akifuta machozi. Kisha akageuka kwa Papa Atingakau, uso umebadilika, akasema kwa sauti ya kazini, “Darasa la juu linabaki. Nitaandika hivyo leo.”

Kelele zilizofuata nimezisikia mara moja tu maishani. Mtu alipiga ngoma ya mti, mwingine akaitikia, wanawake wakaanza kucheza pale pale katikati ya madawati, na Shemasi Tuara akabonyeza honi kwa furaha akaizima kompyuta, akapigwa makofi ya mgongoni na watu ambao kwa kawaida humbusu mkono. Nikaiwasha tena. Ikawaka.

Nimeshatengeneza kompyuta nyingi tangu siku hizo, hapa kwetu na Rarotonga, nyeusi, nyembamba, zinazofunguliwa kwa ukucha. Watu huniuliza nilijifunzia wapi. Nikiwaambia ni kaburini kwa babu, huwa wanangoja nicheke, ili nao wacheke.

Jioni ile ya ukaguzi, wageni walipoondoka, nilimkuta Tekura peke yake darasani. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwanafunzi kilichomzidi udogo, kidole kimoja kimenyooka, anawinda herufi za jina lake. Kila alipoipata moja aliibonyeza kwa nguvu, kama anayejaribu tairi. Alimaliza, akarudi nyuma kidogo, akasoma. Herufi moja ilikuwa imekosekana. Sikumwambia.

“Mashine yangu inaandika vizuri,” akasema.

“Yetu, mamdogo.”

Akaligonga sanduku kwa kidole kile kile.

“Ya ndani ni yako,” akasema. “Sanduku ni langu.” Akasogea pembeni, akaniachia nusu ya kiti.