Mke wa Hakimu

"Alistahili kufa," nilisema, nikaketi. Wanawake wenzangu wa kikundi cha kusoma wakatikisa vichwa kuniunga mkono.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mfumaji katika kiwanda cha nguo huko Kineshma, na kila Alhamisi baada ya zamu tulikutana maktabani kujadili riwaya za kale. Ya wiki hiyo ilimhusu mke wa hakimu aliyetoroka na kijana fundi wa kupaka rangi. Mji mzima ukamfungia milango, mwishowe akajitosa mtoni.

Mama mdogo Pelageya hakutikisa kichwa. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Mwaka uliotangulia alikuwa amemwacha mumewe, akahamia kwa Mitya, fundi viatu aliyekuwa mdogo wake kwa miaka kumi na mitatu. Nyumbani kwetu jina lake halikutajwa tena. Leo nimeshaupita umri wake ule, na sina haja ya kujitetea: nilijua nilichokuwa nasema, na nilijua nani ananisikia.

"Lidia," akaniita, "huyo mama alimuua nani?"

"Hakuua mtu."

"Aliiba?"

"Lakini mama mdogo, aibu aliyowaletea watu wake..."

"Nimesoma vitabu vingi vya namna hii. Mwanamume akitoroka na kimada, ukurasa wa mwisho unamkuta mezani anakunywa supu. Mwanamke ni mto, au homa, au utawani. Unajua kwa nini? Mwandishi hajui amweke wapi kukicha. Mimi leo kulikucha, nikamenya viazi."

Mtu akaguna. Zinaida, mwenyekiti wetu, akagonga meza kwa penseli. "Wewe na viazi vyako, Pelageya! Hapa tunazungumzia fasihi."

"Ni kweli. Mimi mnanizungumzia kwenye foleni ya mkate."

Akajifunga kitambaa chake kichwani taratibu, fundo la kwanza, fundo la pili, akatoka. Zinaida akaniomba niendelee. Nikakifunga kitabu.

Jumapili nilimdanganya mama kwamba nakwenda kwa rafiki. Mitya ndiye aliyenifungulia mlango, amevaa aproni ya ngozi. Mji wetu ni mdogo. Nilichosema maktabani kilikuwa kimeshamfikia. Alinitazama, nami nikatazama viatu vyangu.

"Pelageya," akaita bila kugeuka, "mpwa wako yuko hapa mlangoni."

Ndani sufuria ikafunikwa.

"Amekula?" mama mdogo akauliza.