Bakuli la Kishikio cha Shaba

Katika umri wake wote wa kazi, hapakuwa na mlango mtaani uliomshinda. Watu walimwita Fundi Kufuli, na mkewe alipoitwa "mke wa Kufuli" aliitikia bila kununa. Sasa mkewe alikuwa amezikwa, waombolezaji wametawanyika, na mtu yuleyule aliyewafungulia wenzake milango alikuwa hafungui hata wa kibanda chake cha kazi. Alishinda sebuleni ameshika tama. Chakula akiwekewa alikitazama mpaka kikapoa, kisha akakisukuma pembeni kwa adabu zote, utadhani mgeni aliyetoka kula kwake.

Aliyebaki kumwangalia alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwanamke asiyejua kupindisha maneno. Naye alikuwa na nyumba yake na watoto wake huko mbali, na kesho yake alikuwa na safari.

"Shemeji, kesho tunaondoka wote," alisema, huku akikunja mashati ya Fundi na kuyapanga kwenye mkoba. "Nikikuacha hapa, nitaitwa tena kuja kuzika."

"Siwezi kwenda kukaa kwa watu."

"Basi nipe sababu ya kukuacha. Moja tu. Nani anakuhitaji hapa?"

Fundi hakuwa na sababu. Alitafuta nyumba nzima kwa macho kama anayetafuta ufunguo, hakuona kitu, na jambo hilo lilimuuma kuliko swali lenyewe.

"Haya," shemeji akasema kwa sauti ya chini kidogo. "Lakini hatuondoki na vyombo vya watu. Utavirudisha wewe, kwa miguu yako."

Jikoni kulikuwa na rundo la mabakuli na hotipoti ambamo majirani walileta chakula siku za msiba. Wanawake wa mtaa si wajinga, kila mmoja alikuwa ameweka alama yake: huyu uzi mwekundu kwenye mkono wa hotipoti, yule tone la rangi ya kucha, mwingine amekwaruza kwa msumari herufi ya jina la mwanawe. Shemeji alikuwa ameshaulizia wenyewe wote. Alitia machungwa katika kila chombo, maana kurudisha chombo kitupu ni aibu, na aibu hiyo hakutaka imfuate mpaka kwake. Kisha akamsukuma Fundi nje.

Fundi alikwenda shingo upande. Mlango wa kwanza walimwambia pole, akasema ahsante. Wa pili pole, ahsante. Alirudi, akachukua vingine, akaenda tena, na kila pole aliyopewa ilimlemea zaidi. Alijiona amekuwa mtu wa kupewa tu. Hata machungwa yenyewe hakuyanunua yeye.

Mwisho kabisa wa rundo lilibaki bakuli dogo la bati, la buluu, lenye mfuniko. Halikuwa na uzi wala rangi ya kucha. Fundi alilishika, na vidole vyake vikalijua kabla ya macho. Juu ya mfuniko palikuwa na kishikio cha shaba, kishikio cha mlango wa kabati, kimekazwa kwa nati.

Alikifunga yeye mwenyewe. Mwanawe, mtoto wao wa pekee, aliliangusha bakuli kishikio cha kwanza kikang'oka, akalia mpaka sauti ikamkauka, maana hakukubali kula katika chombo kingine. Basi Fundi akaingia kazini usiku uleule kwa ajili ya mteja wake mdogo. Halafu mtoto akafariki kwa homa kabla hajaanza shule, na bakuli likatoweka jikoni. Fundi hakuuliza limekwenda wapi. Hakuuliza tena jambo lolote la mtoto. Alijikaza kisabuni, akidhani ndiyo ngao ya mwanamume, na nyumba ikawa ya watu wawili wanaopishana kwa heshima.

"Hili kalileta nani?" aliuliza.

"Bibi Mkunga, yule anayekaa nyuma ya soko. Alikuja nalo siku ya mazishi, limejaa maharage. Akasema, mwambieni Fundi lirudi."

"Si chombo chake hiki."

"Mimi sijui la nani. Kalirudishe."

Machungwa yalikuwa yamekwisha. Shemeji akashika pochi aende sokoni, Fundi akamzuia. Katika bakuli lile hamwingii chungwa. Kulikuwa na maharage yamelowekwa tangu asubuhi, akayabandika mwenyewe, mtu ambaye hajawahi kupika hata chai yake. Chini yaliungua, juu yakabaki magumu. Shemeji alisimama mlangoni ameibana midomo isimtoke kauli. Jiko nalo lina ufunguo wake, na Fundi hakuwa nao.

Bibi Mkunga alikuwa ameketi kitandani, mkongojo kando. Alikuwa amekula chumvi nyingi, na nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake ikiingia duniani, mtoto wa Fundi akiwamo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umechelewa."

"Bibi, bakuli hili ulilipata wapi?"

"Kwa mkeo. Kila Ijumaa alinijia nalo, tangu mlipomzika mtoto. Ijumaa yake ya mwisho likabaki kwangu."

Fundi alibaki amesimama. "Alikuwa anakulisha," alisema. "Nami nikidhani anakwenda kupiga soga. Nilimgombeza, bibi. Nilimwambia watu wawili sufuria kubwa ya nini."

"Ananilisha?" Bibi alicheka kidogo, bila furaha. "Mkamwana wangu yuko chumba hicho cha pili, hajaninyima sahani hata siku moja. Siku mkeo alipokuja mara ya kwanza, nilikuwa nimetoka kula. Nikataka kumwambia nimeshiba. Nikamtazama. Amesimama hapo uliposimama, bakuli kalishika kwa mikono miwili. Alikuwa amepika na fungu la mtoto, kashindwa kulipunguza, na hana wa kumpa. Nikasema, lete."

"Ukala?"

"Nikala. Mtoto nilimpokea kwa mikono hii, fungu lake lingenishinda? Mkeo akakaa kwenye kigoda hicho, akanitazama mpaka nikamaliza. Alipoondoka, alitembea kama mtu aliyepata usingizi baada ya kukesha siku nyingi. Ijumaa ya pili nikamwona tena mlangoni."

Fundi alilia. Alilia misiba yake miwili kwa pamoja, na aibu juu yake, kwamba mkewe aliishi na njaa ya namna hiyo meza moja na yeye, naye hakuiona. Bibi hakumwambia nyamaza. Alimwacha mpaka akajifuta mwenyewe kwa mkono wa shati.

Ndipo Fundi alipoona, pale kando ya kitanda, sahani yenye mifupa na punje za wali ambazo hata hazijakauka. Akaanza kulirudisha bakuli kifuani.

Bibi alivuta kitambaa, akaifunika sahani kama hakuna kitu.

"Lete," alisema.

"Bibi, umeshakula."

"Nimekuuliza? Kijiko kiko dirishani."

Alikula polepole. Haragwe moja lilisikika likivunjika menoni.

"Chumvi hakuna."

"Nimesahau."

"Na umeunguza."

"Nimeunguza, bibi."

"Ijumaa utaangalia moto."

Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda. Kila kijiko kilichopanda, alikifuata kwa macho. Akagundua kwamba ana njaa. Njaa ya kweli, ya tumbo. Bibi naye alikuwa ameiona, kwani alipofika nusu alimsogezea bakuli, na Fundi akala yaliyobaki katika bakuli la mwanawe.

Nyumbani alimkuta shemeji amekaa juu ya mkoba, ameshaufunga.

"Umelirudisha?"

"Nimerudi nalo. Lina kazi Ijumaa." Fundi aliliweka rafuni, mahali pake pa zamani. "Siendi, shemeji. Uliniuliza nani ananihitaji. Kuna mtu atanisubiri."

"Nani?"

"Bibi mmoja aliyeshiba."

Shemeji alimkazia macho, akihofu kwamba huzuni imempanda kichwani. Kisha akaona ganda la haragwe limemganda kwenye ndevu. Aliufungua mkoba, akaanza kuyatoa mashati, moja moja.