Kisu cha Mkono wa Luhaga

Mimi nasema wazi: utani ndio uliotumaliza. Si ukame, si hiyo ruksa ya biashara waliyokuwa wanaisifu redioni. Utani. Watu wakinisikia wanacheka, na mimi nawaacha wacheke, maana hawakuwepo.

Mume wangu Ngeleja ni mhunzi. Kibanda chetu kilikuwa nyuma ya soko la Bariadi, upande wa mnada wa ng'ombe, na mimi ndiye niliyekuwa nazungusha gurudumu la baiskeli la kupulizia moto. Miaka ile ya shida, dukani hakuna hata wembe, watu walitoka Maswa, walitoka Migato, wanamfuata yeye. Majembe alifua kwa ajili ya tumbo letu. Visu alifua kwa ajili ya roho yake. Jembe alilipiga huku anapiga soga, lakini akishika kisu, jamani, usimsemeshe. Mara ngapi nimemwambia ugali umepoa akaniitikia "ndiyo, Padri"!

Na hakuwa peke yake na kichaa hicho. Jumapili watu wakitoka kanisani, bunge la visu linakaa kibandani kwetu. Khatibu, mchinjaji wa mnadani, hana habari na kanisa lakini alikuwa wa kwanza kufika. Yeye alitaka kisu kirefu, chembamba, kilichonyooka toka mpini mpaka ncha, kipite mara moja mnyama asiteseke. Shija, mfugaji, alitaka kisu cha kukunja chenye msumari ubavuni wa kumtoboa ng'ombe aliyevimba tumbo, kwa sababu, anasema, ng'ombe hasubiri ukimbie nyumbani kutafuta mkuki. Walichora matakwa yao kwenye majivu kwa kijiti, wakabishana mpaka mate yanaruka, wakafuta kwa nyayo, wakachora upya.

"Mngebishana hivi juu ya kuezeka nyumba zenu," nikawaambia siku moja, "hakuna mtu angekuwa analala anahesabu nyota."

"Mayu, nyumba haikai mfukoni," Shija akajibu. Wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa napenda zile Jumapili, sitaki kudanganya.

Katika wote hao, mwenye shida ya kweli alikuwa Luhaga. Huyu ni mwindaji wa nungunungu, wa chama chao kile cha Bununguli, watu wanaoingia shimoni kwa tumbo kama mijusi. Mle ndani hakuna nafasi ya mikono miwili. Unatanguliza mkono mmoja, huo huo ndio macho yako na silaha yako. Kisu cha ala hakifai, kinakuchoma mwenyewe ukijivuta. Cha kukunja nacho kinataka mikono miwili kukifungua. Na Luhaga mkono wake wa kuume uliliwa na kidonda, miiba ya nungunungu ilioza ndani, hospitali wakamkata vidole akabaki na kidole gumba na cha kando. Tangu hapo hakuingia shimoni. Nungunungu wakageuza shamba lake la karanga kuwa hoteli, na wenzake wakicheza ngoma yeye anakaa na wanawake.

"Fundi," alimwambia Ngeleja, "nitengenezee kisu cha kukunja ninachoweza kukifungua kwa mkono huu wa kushoto peke yake. Kikifunguka kijikaze chenyewe, kisinikunjikie vidoleni. Nirudi kuwa mtu."

Ngeleja alichukua kipimo cha ule mkono wa kushoto kwa udongo wa mfinyanzi, Luhaga anaukamata, unabaki na alama za vidole. Ndivyo anavyofanya kazi: kisu kinafuata mkono wa mwenyewe, si mkono wa mtu yeyote tu. Akahangaika nacho misimu miwili ya pamba. Loki, ile ya kukaza bapa likishafunguka, ilimtesa. Ikishika, haiachii, ikiachia, haishiki. Alivunja springi mpaka nikaficha saa yetu ya ukutani. Mwisho akapata utepe wa chuma kutoka kwenye gramafoni mbovu ya misheni, kipande kimoja tu, na hicho ndicho kilichokubali. Kwenye bapa akaweka kinundu kidogo cha kusukuma kwa dole gumba la kushoto. Mpini wa pembe ya ng'ombe, umepinda kufuata ule udongo. Na shingoni akagonga vijistari vitatu, alama ya baba yake.

Jumapili ya kukikabidhi, kikapita mkono kwa mkono. Khatibu akakifungua, akakifunga, akakifungua tena. Luhaga alikuwa bado njiani anakuja, na mume wangu anachungulia nje kila dakika kama bibi harusi.

Aliyetokea ni Twaibu. Huyu ni mwenye duka la vyombo kule stendi, Mzaramo, mtani wetu. Nyie mnajua mtani alivyo: akichukua kitu chako mbele za watu, unacheka. Ukinuna, aibu ni yako. Unangoja siku yako na wewe umchukulie chake.

Twaibu akakinyakua kisu mkononi mwa Khatibu, akakifungua, tak! Akakodoa macho. "Ah! Msukuma akae na kitu kizuri hivi, ili akikatie nini? Viazi? Hiki changu!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Ngeleja naye akacheka, tena akamtia moto: "Chukua, Mzaramo, ukafulie nazi zenu." Alijua kitarudi kabla ya jioni. Sote tulijua, na Luhaga alipofika tukamwambia kisu bado kidogo.

Hakikurudi. Jumatatu nikaenda dukani. "Shemeji, kisu," nikasema.

"Kisu kipi, mtani? Nimeshakimeza, subiri nikienda chooni." Wateja wakacheka. Nikacheka na mimi, meno tu. Wiki ile ile akasafiri Dar.

Nilimwambia Ngeleja aende polisi. Aliniangalia kama nimevua nguo sokoni. "Nikamshtaki mtani wangu, mama Salu? Niseme nini? Kwamba nilimwambia chukua?" Akaanza kutengeneza kingine, na kila springi aliyojaribu ilivunjika. Luhaga alikuwa anakuja, anakaa, anaangalia, anaondoka bila kuuliza. Afadhali angeuliza.

Msimu wa pamba uliofuata, gari lililopitia Nyashimo lilipakua mzigo mbele ya duka la Twaibu. Maboksi. Shemeji yake mmoja anasafiri Dubai, huko ndiko kisu chetu kilikokwenda kama mfano. Nilisimama barabarani nikaona vimetandazwa juu ya meza, vinang'aa vyote, mpini wa plastiki uliopakwa rangi ya pembe. Nikashika kimoja. Nikageuza. Vijistari vitatu shingoni. Walinakili hata baba mkwe wangu!

Na walinakili mkono wa Luhaga. Kinundu cha dole gumba la kushoto, mpini umepinda kushoto. Boksi zima la visu vya mtu asiye na vidole vya kuume! Nilitazama watu wenye mikono yao mizima wanahangaika navyo, vinawatoka, vinawageukia, na nikafurahi, nasema kweli. Nikajua kesho watavirudisha.

"Hii ndiyo fasheni ya Ulaya," Twaibu akawaambia. "Kule wanafungulia kushoto. Nyie mlizoea majembe."

Hawakurudisha kitu. Walijifunza kushoto. Watu waliokatazwa na mama zao kupokea hata kipande cha muhogo kwa mkono wa kushoto, sasa wanatembea sokoni wanafungua kushoto, tak, tak, tak. Khatibu alinunua, Shija alinunua. Bunge likafa. Nani akae kwenye majivu achore kisu wakati kipo mezani?

Nikasema basi, utani ni utani, zamu yangu imefika. Nikaingia kwa Twaibu mchana kweupe, duka limejaa, nikazoa visu kwa kanga yangu, kifua mbele. "Hivi vyangu, Mzaramo!"

Nilitaka aumie. Walau abadilike rangi kidogo.

"Beba, mtani!" akasema anacheka kwa moyo mweupe kabisa. "Ongeza! Kulwa, mletee mama mfuko asichane kanga yake." Na Kulwa, mke wake, akaniletea mfuko.

Nilitembea nao mpaka nyumbani nikiona aibu, sijui kwa nini mimi ndiye nione aibu. Nikavimwaga mbele ya Ngeleja. Akafungua kimoja kimoja, akavipanga, akachukua tupa akakwaruza bapa. "Chuma laini," akasema. "Lakini loki inashika." Akafungua tena, akafunga tena. "Wameiweza loki, mama Salu. Vyote." Nikamwona anafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye masizi, nikatoka nje maana ningepasuka.

Luhaga alikuja siku ya tatu. Alikuja anakimbia, mtu mzima yule, kama ametoka kwenye ngoma. "Mwadila, fundi! Mwadila, mayu!" Akatoa kisu mfukoni kwa mkono wa kushoto. Tak. "Kimenikaa! Tazama, kimenikaa kama nimezaliwa nacho! Jana nimeingia shimoni, fundi. Nimetoka na jike kubwa hivi!" Akacheka mpaka akakohoa. Hakujua kwamba ni mkono wake mwenyewe ulionakiliwa. Nani angemwambia? Alidhani Mungu huko Ulaya kamkumbuka.

Nilifungua mdomo. Ngeleja akanikata jicho, nikaufunga.

"Tatizo makali hayakai," Luhaga akasema. "Nitilie makali kidogo."

Ngeleja akakaa na kinoo. Alinoa polepole, anapima kwa ukucha, anarudia. Kile chuma kilikuwa kinalika tu, hakina kitu ndani. "Hakitadumu, baba," akasema. "Mashimo mawili, matatu, kitakwisha."

"Ah, haidhuru, fundi. Kikiisha nitanunua kingine. Wabeja sana."

Nilitamani mume wangu amrushie kile kisu usoni. Alikipaka mafuta, akakifunga, akampa kwa mikono miwili.

Siku hizi hata majembe yanatoka dukani, na kibanda ni stoo ya mitumba ya mtu. Ngeleja anakaa barazani kwa Twaibu na kinoo chake, ananolea wanunuzi, kwa sababu vinakuja butu. Twaibu anampenda, anamletea chai, anamtania kama zamani, na Ngeleja anacheka pale anapotakiwa kucheka. Juzi nilimpelekea uji nikamkuta kijana wa Migato amechuchumaa mbele yake, anafungua na kufunga kisu kipya, kushoto, amesahau hata safari yake. Kile kichaa chenyewe, nilikijua mara moja.

"Mzee," kijana akauliza, "hivi aliyebuni kitu hiki ni nani? Ana akili sana huyu mtu."

Ngeleja alikuwa anafuta kinoo. "Wazungu hao, mwanangu," akasema. "Si unawajua Wazungu."

Kijana akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Mimi nikamimina uji.