Maneno Sita ya Kuacha

Lori la Ridwan, mchuuzi wa mbuzi, lilikuwa limeshapita nyumba za mwisho za Mwingi nilipokumbuka kuangalia saa. Saa sita kasorobo. Nilikuwa nimesimama nyuma, kati ya mbuzi waliokuwa wakipelekwa Kitui, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine una wino wa biro kwenye kidole. Mbuzi mmoja alikuwa akilamba suruali yangu, nami nikamwacha. Nilijiambia kwamba kufika saa kumi nitakuwa Kanyangi. Watu wa mwethya, kazi yetu ya zamu mashambani, huchimba hadi jua lilegee, nikajiambia. Nilisema hivyo kila kona, kama mtu anayejaribu kusukuma gari kwa mdomo.

Shule nimeisoma kwa vipande. Darasa la kwanza Kanyangi, la pili upande wa Kibwezi baba alipokuwa akikata mkonge, la tatu nusu, sikumbuki hata wapi. Halafu nikaanza kutembea. Nimechoma makaa, nimepakia vitunguu Kambu, nimelinda geti, nimechimba visima ambavyo havikutoa maji. Mahali pakianza kunizoea, miguu huniwasha. Mke wangu Ndinda alibaki Kanyangi na msichana wetu Kathini, na shamba la ekari tatu lililolala kwenye mteremko. Nilikuwa nikirudi, ndiyo. Nilikuwa nikirudi kama mgeni anavyorudi, na sukari.

Nikiwa na miaka sitini na minne nilifika Mwingi, nikapata kazi ya kubeba magunia katika duka la Aftin. Binti yake, Ismahan, alikuwa mwalimu wa ngumbaru, ile elimu ya watu wazima, katika ukumbi wa chifu. Siku moja aliniona nikijaribu kusoma maandishi ya gunia la mbolea.

“Mzee Kaloki, kuja darasani.”

“Nitakusumbua bure, mwalimu. Mimi sikai mahali.”

“Kaa mpaka hapo utakapoondoka,” akasema.

Nikakaa. Wiki ya kwanza, mwezi, mwaka. Sikujua ni nini kilichonishika. Labda ni dawati. Kuwa na pembe ya dawati ambayo watu wanaiita yako, na siku usipokuwepo wanauliza.

Muhula wa mwisho tulifika kwa yale maneno ya Kiingereza yanayotembea mawili mawili. Ismahan aliandika ubaoni *give up*, yaani kuacha, akasema tumtafutie maneno sita yanayobeba maana hiyo, na kila neno tulieleze kwa maisha yetu wenyewe. Hilo ndilo lingekuwa swali kubwa la mtihani.

“*Abandon*,” alisema Musyimi wa buchari. “Ni kuacha kitu porini, wala hugeuki.”

“*Surrender* ni kuinua mikono polisi wakikupata,” akasema mama mmoja wa mboga, na darasa likacheka kwa sababu mume wake alikuwa polisi.

“*Yield* ni kumpisha mwenzako. Na *quit* na *resign*, nani atatofautisha?” Ismahan akauliza. “Yote ni kuacha kazi. Lakini *quit* unatoka tu. *Resign* unaandika barua.”

“Basi mimi nimetoka kazi kumi na nne,” nikasema, “na sijawahi kuandika barua hata moja.”

“Mzee ni bingwa,” akasema Musyimi. “Aandikwe kwa mtihani yeye mwenyewe, sisi tumjibu.”

Neno la sita lilikuwa *relinquish*. Hilo lilinisumbua. Ismahan alisema ni kuachilia kitu ambacho mkono wako ulikuwa umekishika kweli. Nilikaa kwenye magunia ya Aftin nikitafuta mfano wake katika maisha yangu, nikakosa. Mamangu, kwa Kikamba, alikuwa na neno moja tu la kufanya kazi hiyo yote, na hakuwa amelitumia sana.

Jumatatu ya wiki ya mtihani Kathini alinipigia simu kutoka Kambu, alikoolewa.

“Baba, Mama amesema mwethya unafika kwetu Alhamisi. Anasema lazima uwe hapo asubuhi.”

“Si yuko yeye?”

“Baba. Unajua mambo ya mpaka.”

Nilijua. Kwetu mwethya ni kazi ya zamu. Nyumba ishirini, kila moja inatoa majembe mawili, leo mnachimba matuta kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, ili mvua isibebe udongo. Asubuhi mwenyekiti huita majina ya wenye nyumba. Kwa miaka miwili Ndinda aliitikia jina langu katika mashamba ya watu, akachimba sehemu yake na yangu. Lakini siku ikifika shamba lako, haitoshi kuitikiwa. Mwenye shamba husimama mwenyewe, anaonyesha mpaka, anapiga jembe la kwanza. Na sisi mpaka wetu na kaka yangu Munyao ulikuwa na maneno. Hakuna mtu wa mwethya angegusa udongo ule bila mimi kusema, hapa ndipo, mbele ya Munyao. Jina likiitwa mara tatu na mwenyewe hayupo, wanaruka, wanaenda shamba linalofuata. Zamu hairudi mpaka nyumba zote ishirini ziishe.

Mtihani ulikuwa Alhamisi hiyo hiyo, saa tatu.

Nimewaza sana kwa nini sikumwambia Ismahan. Nadhani ni hivi. Kila kitu nilichowahi kuacha kilianza na ruhusa ya siku moja. Siku moja tu, bosi, nina shida nyumbani. Niliijua sauti yangu ikisema hivyo, na niliogopa kwamba nikiisikia tena sitarudi kwenye lile dawati. Kwa mara ya kwanza nilitaka kumaliza kitu. Kwa hivyo nilikaa, nikaandika maneno yote sita, na nikatoka nikikimbia kutafuta lori.

Niliingia Kanyangi saa kumi na robo. Nilikutana nao wakishuka na majembe begani, wameloa jasho, wakiimba ovyo ovyo. Waliponiona walinipisha njia, bila hasira. Mwenyekiti, mzee Mulinge, aliniamkua, akanipa mkono wenye udongo.

“Tulikungoja mpaka saa nne, Kaloki.”

“Nilichelewa gari.”

“Niliita mara tatu. Ya tatu niliita polepole.” Akaangalia chini. “Ndinda alikuwa amesimama pale. Leo hangeweza kukuitikia.”

Kutoka pale njiani nilikuwa naona mteremko wote. Matuta mapya mekundu yalikuwa yamechorwa upande wa juu, yakafika mpaka wa shamba letu, yakakatika. Yakaanza tena ng'ambo.

Nyumbani Ndinda alikuwa ameketi kando ya sufuria kubwa ya kuazima kanisani. Anayechimbiwa hupikia watu. Alikuwa amepika muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, wa watu arobaini, na walikuwa wameenda kula kwa jirani aliyechimbiwa badala yetu. Alinipakulia bila kuniangalia.

“Kula, Baba Kathini. Chakula kipo.”

Nilikula.

“Ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa na mtihani.”

“Wa nini?”

“Wa Kiingereza.”

Alifunika sufuria, akaweka jiwe juu ya kifuniko kwa sababu ya kuku.

“Nilifikiri uko na mwanamke,” akasema. “Hiyo ningeelewa.”

Nikamwambia kesho nitaenda kwa Mulinge, nitaomba, nitachimba mwenyewe. Alitikisa kichwa polepole, kama unavyomtikisia mtoto anayetaka kukusaidia kubeba mtungi.

“Miaka miwili nimebeba jembe lako,” akasema. “Nimelirudisha.”

Baada ya wiki moja alienda Kambu kwa Kathini. Hakufunga mlango kwa kufuli. Nilibaki nikichimba peke yangu, nikafikisha tuta moja na nusu. Mvua za Novemba ziliponyesha zilibeba udongo wote uliobaki na lile tuta langu.

Nilipopita Mwingi kuchukua vitu vyangu nilimweleza Ismahan.

“Ungesema tu, mzee,” akasema. “Ningekupa karatasi Ijumaa.”

Huu ni mwaka wa tano. Mulinge alifariki, na mwethya sasa unaongozwa na mwanamke. Munyao analima upande wetu wa mpaka pia, na hakuna anayemkataza. Aftin alifunga duka akahamia Garissa. Ismahan anafundisha shule ya msingi huko huko Garissa. Musyimi alianguka mtihani, akaurudia, akapita. Mimi nilipita mara ya kwanza. Kathini ana watoto watatu. Ndinda anauza ndizi na maji kando ya barabara kuu ya Kambu, na ana afya. Nimepanga chumba ng'ambo ya barabara hiyo, na sijahama. Jumapili akitoka kanisani hupita, husimama nje ya mlango, huniuliza kama nimekula. Haingii.