Kumwogesha Baba Mkwe

Tuseme ukweli kabla hatujaanza kulaumiana: Dorine hakuwa mtu mbaya. Pale mtaani kwake Mfaranyaki ukimsema vibaya ungegombana na wanawake wa jumuiya nzima, maana kwenye msiba yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, mikono imejaa masizi ya masufuria. Baba mkwe wake, Mzee Longino Nyoni, alipopata kiharusi kule kijijini Mpitimbi akabaki na mkono mmoja na mguu mmoja usiomsikia, ni Dorine aliyemwambia mumewe Thadei wakamchukue waishi naye mjini. Wakamwana wangapi wanalisema hilo kwa kinywa chao wenyewe?

Basi mzee akapewa chumba cha uani, maisha yakajipanga. Thadei alimwogesha baba yake kila asubuhi, akambadilisha nguo, ndipo akaenda kwenye shughuli zake. Dorine alipika. Chakula alikiweka juu ya kigoda mlangoni, akapiga goti, akasema shikamoo baba, akarudi jikoni. Ndani hakuingia. Mkamwana haingii chumbani kwa baba mkwe wala hakai kitandani pake. Hayo Dorine aliyakuta kwa mama yake na bibi yake, na hakuwahi kuyahoji. Mzee naye alisubiri mkwewe ageuke ndipo anyooshe mkono kuvuta sahani. Walipendana hivyo hivyo, kila mtu upande wake wa mlango, na ulikuwa upendo wa kweli.

Kisha Thadei akapata kazi ya kuendesha lori la makaa ya mawe kwenda Mtwara, kazi inayomweka mtu barabarani wiki nzima nzima. Akamwita binamu yake Leo kutoka Mpitimbi aje ashike ile shughuli ya kumwogesha mzee. Leo akaja, akaifanya vizuri tu, mpaka mvua za kwanza zilipoanguka. Mkulima gani atakaa mjini mvua inanyesha? Akaaga kwamba anakwenda kupanda mara moja tu, anarudi. Akaenda, na simu yake ikawa haipatikani.

Asubuhi iliyofuata Dorine aliweka uji mlangoni, mzee akasema hana njaa. Kufika mchana harufu ilikuwa imetoka mpaka uani, na mzee mle ndani kimya, kama hayupo. Dorine akazunguka kwa majirani kutafuta mwanaume; wote walikuwa mashambani au sokoni. Hapo ndipo mafunzo yalipomjia. Mwaka ule parokiani walikuwa wamefundishwa kuhudumia wazee: namna ya kumgeuza mgonjwa, kumlisha, kumwogesha, kuongea naye kwa uchangamfu asijione mzigo. Dorine alikuwa ameyashika yote. Akapiga moyo konde, akabeba beseni la maji ya vuguvugu, akaingia.

"Toka, mama Hilda," mzee akasema. Alimwita kwa jina la binti yake Dorine, aliyekuwa shule ya bweni.

Dorine hakutoka. Alifanya kama alivyofundishwa, kwa mikono laini, bila kukunja pua. Mzee alijifunika uso kwa ule mkono wake mzima, na hakuuondoa mpaka mwisho. Dorine alidhani ni haya ya siku ya kwanza, akataka kuiondoa kwa neno zuri.

"Usione aibu, baba. Sasa hivi wewe ni mtoto wangu."

Jamani, Dorine! Si ungenyamaza tu? Mwanaume aliyelea watoto, akamzika mke, akasuluhisha ndoa za watu Mpitimbi yote, leo anaambiwa ni mtoto na mke wa mwanawe, naye yuko uchi. Lakini yeye alitoka na beseni lake roho kwatu. Jioni akawasimulia wenzake wa jumuiya. Baadhi wakamsifu, wengine wakainamisha vichwa wakapangusa viatu vyao. Dorine akawaona washamba.

Tangu siku hiyo mzee hakumsemesha tena. Alipoingia na beseni, mkono ulipanda usoni. Kisha mzee akaanza kuacha chakula. Kwanza ugali, halafu uji, mwishowe hata maji akawa anayagusa kwa ncha ya ulimi tu. Dorine akachanganyikiwa. Alimpikia uji wa ulezi, akamtafutia samaki wa Nyasa, akamsagia ndizi. Midomo ilibaki imefungwa. Akakodi bajaji, akampeleka hospitali. Wakampima, wakamtundikia dripu, wakasema hawaoni ugonjwa mpya, arudi nyumbani alishwe kidogo kidogo. Kidogo kidogo ipi, na mtu hafumbui mdomo? Usiku Dorine alilia kwenye simu, akimwomba Thadei arudi, naye Thadei akisema lori liko kwenye foleni bandarini.

Kitu kimoja tu kilimpa ahueni. Kadiri mzee alivyoacha kula ndivyo alivyopunguza kuchafua, na asubuhi nyingine shuka lilikutwa kavu kabisa. Dorine akamshukuru Mungu kwa kumpunguzia kazi. Alimshukuru kwa sauti, mzee akisikia.

Alipoona macho yameanza kuingia ndani, akamwita Mzee Gaspari wa Mshangano, aliyepata kipaimara siku moja na Longino; wawili hao hawakuwahi kufichana kitu. Wazee wale wawili walikaa ndani muda mrefu wakiongea Kingoni kwa sauti ya chini. Gaspari alipotoka aliomba kiti, akakaa, akavua kofia.

"Mkwe wangu, rafiki yangu haumwi. Anasema asipokula, hutakuwa na sababu ya kuingia."

Dorine aliketi chini, miguu imenyooka mbele yake kama mwenye msiba. Alitaka kusema kwamba angemwachaje mzee alale kwenye uchafu, na Gaspari akasema hata yeye hajui, huenda asingefanya vingine. Lakini kujua hivyo kulimsaidia nini Dorine? Alikuwa anamuua mzee kwa mikono yake laini.

Haraka haraka akamtuma mwenye bodaboda Mpitimbi akamlete Leo, na Leo akaja siku hiyo hiyo, matope ya shamba yakiwa bado miguuni. Dorine akarudi upande wake wa mlango. Akapiga goti, akaomba msamaha, akaahidi kwamba hatavuka tena kizingiti kile maisha yake yote. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku, mzee akamjibu.

"Unaweza kuniambia hukuona?"

"Sikuangalia, baba."

Alisema uongo, na mzee alijua. Akamwambia Leo alete uji. Akanywa vijiko viwili, taratibu, kama mgeni aliyeshiba anayeonja asimvunje moyo mwenyeji. Mlangoni Dorine alilia kwa furaha, akasema kesho atamtilia na maziwa. Kesho yake mdomo haukufunguka, wala kesho kutwa. Leo alikuwepo, mlango ulikuwa mtupu, hakuna aliyemtisha. Lakini kilichokwisha kuonwa kimeonwa, na mzee hakutaka kukaa nacho nyumba moja. Alifariki kabla Thadei, aliyekuwa njiani kurudi, hajafika Tunduru.

Walimzika Mpitimbi. Wanaume wa ukoo waliingia kumwosha mwili, wakiongozwa na rafiki yake Gaspari, na walipotoka walikuwa wanatikisa vichwa kwa mshangao. Mzee amelala kitandani muda wote huo, na ngozi yake nzima, hana kidonda hata kimoja, kucha zimekatwa. Maneno yale yakawafikia akina mama jikoni, yakafika kwa Thadei. Baada ya kuweka mashada Thadei akasimama kutoa shukrani za familia. Akawashukuru mapadre, majirani na wanajumuiya. Akasema yeye hakuwepo, ila baba yake alikuwa na binti asiyemzaa, na huyo ndiye aliyemtunza kwa heshima mpaka dakika ya mwisho. Akamwomba mke wake asimame, watu wamwone.

Dorine akatikisa kichwa. Wanawake waliokuwa karibu wakadhani ni unyenyekevu, wakamshika makwapani, wakamsimamisha. Makofi yakapigwa. Akamtafuta Mzee Gaspari katikati ya watu, yeye peke yake aliyeambiwa na mzee kwa nini aliacha kula, akitumaini angalau yule atamwangalia vibaya. Mzee Gaspari alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine, machozi yakimtiririka, na alipogundua kwamba Dorine anamtazama, akapiga kwa nguvu zaidi.