Vijiko Viwili vya Boriki

Mfamasia alikuwa akipanga chupa rafuni pale fundi wa kuchomelea vyuma alipoingia akipepesa macho mekundu.

"Dada, dawa ya kuoshea macho uliyonipa asubuhi mbona inauma hivi? Imenichuruzika mpaka mdomoni. Ina chumvi!"

Mfamasia akaiweka chupa chini. Asidi ya boriki haina chumvi. Ni asidi dhaifu, unga mweupe ambao ukiyeyushwa kwenye maji mengi huosha jicho bila kuliunguza. Lakini ukinywewa ni sumu, hasa kwa mtoto. Asubuhi ile alipima unga wa aina mbili, simu ikilia, foleni ikimkodolea macho. Boriki ilikuwa ya fundi. Chumvi na sukari vilikuwa vya bibi mmoja ambaye mjukuu wake alikuwa akiharisha. Lebo alizibandika mwishoni, chapuchapu.

"Nimekupa dawa ya mtoto, yako nikampa yeye! Osha macho hapo bombani, maji mengi. Mimi natoka."

Alikimbia na koti lake jeupe hadi nyuma ya kiwanda cha matofali, alikosema bibi kuwa anaishi. Mlango wa kwanza sio. Wa pili hakuna mtu. Wa tatu akamkuta bibi, mtoto mapajani, kikombe mkononi.

"Amekunywa?"

"Vijiko viwili. Cha tatu kakikataa, nikaonja mwenyewe. Si chumvi, si sukari. Umeniuzia chokaa, mwanangu?"

"Bibi, nimekosea. Hiyo ni dawa ya macho. Twende hospitali sasa hivi."

Bibi hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua mkoba, akatangulia.

Daktari aliuliza unga kiasi gani, maji kiasi gani. Mfamasia alijibu bila kusita.

"Ni kidogo," daktari alisema. "Lakini atabaki hapa tumwangalie."

Kukaa kulimshinda mfamasia. Alikwenda dirishani, akarudi kitandani, akahesabu pumzi za mtoto, akapoteza hesabu, akaanza upya. Alasiri nzima ikaenda hivyo. Jua lilipopoa mtoto akaketi, akaomba mkate, akalia alipopewa kipande kidogo. Daktari akawaruhusu.

"Nimekusamehe," bibi alimwambia getini. "Ila dawa kwako sinunui tena."

"Una haki, bibi."

Mfamasia akaomba amsaidie kubeba mkoba. Bibi alimtazama kidogo, kisha akampa.